Monita ya Asteroids inaunguza fyuzi kila nikiwasha: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mikindani. Nimenunua mashine ya gemu ya Asteroids kutoka kwa mzungu mmoja wa kazi za gesi aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba baada ya mkataba wake kuisha. Ilikuwa imekaa stoo muda mrefu. Nilipoiwasha ilitokea nukta nyeupe kali katikati ya skrini, ikapotea, nikasikia harufu ya kuungua. Sauti ipo, na nikibonyeza kitufe cha kufyatua inalia kama kawaida. Skrini ni nyeusi, na fyuzi ya monita inaungua kila nikiibadilisha. Fundi TV wa hapa mtaani anasema tupige waya badala ya fyuzi tuone panapotoa moshi, na kioo atakitoa umeme kwa kukipiga shoti na bisibisi. Nimfuate? Au nifunge tu skrini bapa ya kompyuta nimalize?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La waya likatae, na mashine ichomoe ukutani mpaka umalize kusoma hapa. La bisibisi lina ukweli nusu, nitalifikia. Skrini bapa isubiri, maana kwa dalili ulizoeleza kioo chako huenda bado ni kizima na kilichokufa ni vitu vidogo.

Fundi wako hana nia mbaya, anafuata mazoea ya TV, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza hata mafundi wazuri wakikutana na monita hizi. Kwenye TV ya kioo, mwale wa elektroni unapita skrini nzima mstari kwa mstari bila kupumzika, na volti kali ya kioo inatoka kwenye flaibeki, yaani transfoma ya volti kali, inayoendeshwa na saketi ileile inayosukuma mwale kushoto na kulia. Saketi hiyo ikifa, volti kali inakufa nayo na kioo kinapona. Monita ya vekta kama hii yako, yaani inayochora picha kwa mistari, imejengwa vingine. Bodi ya gemu inatuma volti mbili, X na Y, za kuuambia mwale uende wapi, na amplifaya mbili zinageuza volti hizo kuwa mkondo ndani ya koili za yoki, pale shingoni mwa kioo. Jiwe moja la Asteroids linachorwa kwa mwale kufuata pande zake hadi kurudi ulipoanzia, kisha unazimwa na kurukia jiwe jingine. Volti kali ina saketi yake peke yake.

Sasa ona hatari yake. Amplifaya za X na Y zinaweza kufa zote mbili huku volti kali ikiendelea kutoka, na nguvu yote ya mwale ikatua mahali pamoja katikati ya kioo. Hiyo ndiyo nukta uliyoiona. Ikiachwa inaunguza fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, na doa lake halitoki tena. Watengenezaji waliweka saketi ya kuzima nukta, lakini saketi yenye umri wa miaka arobaini na kitu si ya kuitegemea kama mlinzi pekee. Fyuzi yako ilipoungua ilikata umeme wa monita na nukta ikaondoka. Ukiweka waya unaondoa kinga ya mwisho ya kioo, na kioo ndicho kitu kigumu kuliko vyote kupata. Tranzista zinauzwa, kapasita zinauzwa.

Kabla ya yote angalia lebo nyuma ya monita. Asteroids ilitolewa na Atari mwaka 1979, ikibuniwa na Lyle Rains na Ed Logg, na makumi ya maelfu ya mashine zilitengenezwa. Kwa hiyo una bahati: si mashine adimu, na mchoro wake wa umeme unapatikana kwa urahisi. Nyingi zilifungwa monita ya Electrohome G05 au Wells-Gardner V2000, zote za nyeusi na nyeupe. Pakua mchoro wa hiyo iliyoandikwa kwenye lebo yako, usikubali wa jirani yake. Nikisema hapa chini "volti zilizoandikwa", ni zile za kwenye mchoro huo.

Angalia pia umeme unaoingia. Mashine iliyotoka Marekani inataka volti 120, sisi tuna 230. Power saplai za Atari za miaka ile nyingi zina plagi ya kuchagua volti, hivyo hakikisha iliyopo ni ya volti zetu. Kama yule mzungu alikuwa akitumia transfoma ya kushusha, itazame vizuri soketi yake: nyingi zina matundu mawili tu, kwa hiyo waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, unaishia hapo hewani. Mashine hii ina chuma kingi unachokigusa unapocheza. Ethi lazima ifike kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma, na uipime kwa mita kutoka pini ya plagi hadi kwenye mlango wa sarafu. Ndani ya mlango wa nyuma kuna swichi inayokata umeme ukifungua. Usiibane kwa gundi ya karatasi na kuisahau hivyo.

Sasa kioo. Fundi wako ana haki kusema kitolewe umeme kwanza, kwa sababu kioo chenyewe ni kapasita: ndani kuna volti kali, nje kuna rangi nyeusi ya grafiti, na glasi iko katikati. Kinashika chaji hata mashine ikiwa imechomolewa, na monita za nyeusi na nyeupe mara nyingi hazina rezista ya kuimaliza taratibu. Tatizo langu ni bisibisi tupu na mahali atakapoligusisha. Watu wengi wanagusisha chasisi au sehemu yoyote inayong'aa kwenye bodi. Cheche ile inapita kwenye njia nyembamba za shaba na kuua tranzista ndogo zilizokuwa nzima, halafu unaanza kutafuta ugonjwa ambao hukuwa nao asubuhi.

Fanya hivi. Chomoa mashine, subiri dakika kadhaa. Vua saa na pete, vaa viatu vya kufunika na miwani ya plastiki, simama pakavu. Hiki ni kipindi cha mvua huko kwenu, sakafu ya saruji inanyonya maji, kwa hiyo weka ubao mkavu chini ya miguu. Mwite mtu mzima awe karibu, anayejua swichi kuu iko wapi na anayejua kwamba ukishikwa na umeme akate swichi kwanza kabla ya kukugusa. Chukua bomba kavu la plastiki la kupitishia nyaya, refu kama mkono hadi kiwiko, upange ndani yake rezista kumi za megaohmu moja kila moja zikifuatana, za wati moja au zaidi. Mwisho mmoja utoe waya wenye klipu ya mamba, mwingine utoe ncha nyembamba ya chuma. Klipu inatangulia: ifunge kwenye waya ulio wazi, wa kusuka, uliovutwa juu ya ile rangi nyeusi nyuma ya kioo. Kisha mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine umeshika bomba mbali na ncha, sukuma ncha chini ya kile kifuniko cha mpira chenye waya mnene hadi iguse chuma. Hutasikia mlio wowote, na ndivyo inavyotakiwa. Hesabu hadi kumi. Baada ya hapo pitisha waya mtupu mahali palepale kuhakikisha, ukianza tena na klipu. Rudia baada ya dakika kumi, kwa sababu glasi inarudisha chaji kidogo yenyewe. Wengi wanaoshtuka na kudondosha kioo wanashtuliwa na hiyo ya pili.

Shingo ya kioo usiiegemee wala kuishikia unapogeuza monita. Ndani hakuna hewa. Ikikatika, kioo kimekwisha, na kikipasuka chote vipande vinaruka. Kapasita kubwa za power saplai nazo zina umeme wake mbali na kioo. Zipime kwa mita, na kama zina volti zimalize kwa rezista ya wati nyingi.

Ukishafika hapo hatari kubwa imepungua, na sehemu kubwa ya kazi inayobaki inafanyika bila umeme kabisa. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako.

Kama umewahi kufungua amplifaya ya muziki ya kumbini, yenye umeme chanya na hasi na tranzista mbili kubwa za chuma kila chaneli, basi amplifaya ya X na ya Y utazitambua mara moja. Yoki imekaa mahali pa spika. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kapasita ya kuzuia umeme wa moja kwa moja (DC), kwa sababu mahali pa jiwe kwenye skrini panawekwa na huohuo umeme wa moja kwa moja. Bodi ya gemu ikiganda na kuacha X imesimama mwisho kabisa upande mmoja, amplifaya inashikilia mkondo mkubwa bila kupumzika hadi tranzista inaiva. Jambo jingine linaloziua ni upande mmoja wa umeme kukosekana, chanya bila hasi, labda kwa fyuzi moja kuungua au pini ya plagi kushika kutu. Huko Mikindani nyumba zinazotazama maji zinapata upepo wa chumvi mwaka mzima. Nikipokea kifaa chochote kutoka pwani, kabla ya mita natazama pini za plagi kwa tochi: zikiwa na ukijani au plastiki imegeuka kahawia, tayari nimeshapata kazi ya kwanza.

Tranzista kubwa zinakaa kwenye chasisi, mbali na bodi, na zinaungana na bodi kwa plagi. Chomoa plagi hizo. Weka mita kwenye alama ya dayodi. Tranzista ina ncha tatu: besi, imita na kolekta. Iliyo nzima inakupa kama 0.5 hadi 0.7 kati ya besi na imita, na hivyohivyo kati ya besi na kolekta, upande mmoja tu wa waya za mita; ukigeuza waya, hakuna kitu. Kati ya kolekta na imita hakuna kitu pande zote mbili. Iliyokufa kwa kawaida inasoma sifuri kati ya kolekta na imita, na mita inapiga mlio. Kwa jinsi fyuzi yako inavyoungua papo hapo, nategemea usikie mlio huo kwa moja angalau. Ukiipata usiishie hapo. Pima zote nne, halafu tranzista za kuziendesha kwenye bodi, dayodi, na rezista za ohmu chache zilizo karibu nazo. Kubwa moja ikifa mara nyingi haiendi peke yake, na ukibadilisha hiyo tu, mpya itaungua sekunde ileile.

Chini ya kila tranzista kuna kipande chembamba cha mika. Mwili wa chuma wa tranzista ndio kolekta yake, na mika inauzuia usiguse chasisi. Tranzista ikiwa bado imefungwa na plagi imechomolewa, pima kutoka mwilini hadi kwenye chasisi: mita isisome kitu. Ikisoma, mika imetoboka au kuna kipande cha chuma chini yake, na huenda tranzista yenyewe haina kosa.

Kununua: G05 inatumia jozi ya 2N3716 na 2N3792, zote za volti 80 na ampea 10. Dukani watakwambia chukua 2N3055, zipo, bei poa, zinafanana. Umbo linafanana kweli. Ile ya kawaida ni ya volti 60, na nyingi ni nzito kufuata mabadiliko ya haraka, wakati mwale huu unaruka huku na huku muda wote. Ningekataa. Na tranzista bandia zimejaa, zenye namba iliyochapwa vizuri juu na kipande kidogo ajabu ndani. Namba ikifutika kwa kidole chenye spiriti, mrudishie mwenye duka.

Yoki ipime ikiwa imechomolewa: kila koili iwe na ohmu chache tu, na kati ya koili ya X na ya Y mita isisome kitu. Sikwambii hivi kwa kutimiza wajibu. Yoki ya vekta haifanani na ya TV, na ukiifunga ya TV amplifaya zitashindwa kuisukuma kwa kasi inayotakiwa. Hata kioo kikifa siku moja, yoki usiitupe.

Tuje kwenye kuwasha. Amplifaya za X na Y ni ndugu wawili wanaofanana karibu kwa kila rezista, kwa hiyo huhitaji kukariri volti za kila kona. Ukitilia shaka sehemu fulani ya X, pima sehemu hiyohiyo ya Y. Zikitofautiana, umeshafika mtaa wa ugonjwa.

Chomoa plagi ya umeme inayokwenda sehemu ya volti kali. Kwenye G05 sehemu hiyo ina bodi yake, ndiyo faida pekee ya mpangilio huu kwetu mafundi: unatengeneza amplifaya bila volti kali, bila mwale, bila nukta. Chomoa pia bodi ya gemu. Kwenye njia ya umeme wa ukutani funga taa ya siriizi, yaani umeme upite kwenye taa kabla ya kufika kwenye mashine: taa ya waya wa moto ya wati 100, ya LED haifai. Madukani zimekuwa chache, lakini wanaouza vifaa vya kuku bado wanazo za kulelea vifaranga. Ukiwasha, taa iwake kidogo halafu ififie. Ikibaki imewaka kwa nguvu, zima: bado kuna shoti, na safari hii haijakugharimu fyuzi. Bodi ya gemu nimesema ichomolewe kwa sababu chini ya taa inapata umeme pungufu, inaganda, na inaweza kutuma X na Y za ajabu.

Taa ikififia, ondoa taa, weka fyuzi za ampea zilizoandikwa, washa. Umeme chanya na umeme hasi viwe karibu sawa kwa ukubwa. Kisha pima kwenye ncha za kila koili, yoki ikiwa imechomekwa na X na Y hazina ishara: iwe karibu na sifuri. Usifanye kipimo hiki yoki ikiwa imetolewa, kwa sababu amplifaya inajirekebisha kwa kusoma mkondo unaorudi kutoka kwenye koili. Bila koili itakimbilia mwisho na kukudanganya kuwa ni mbovu. Ukiona volti kadhaa zimekaa kwenye koili moja, zima upesi, rudi kwenye kulinganisha X na Y.

Bodi ya gemu nayo ithibitishe kabla hujaikutanisha na monita. Kwamba inalia ukifyatua ni dalili nzuri, maana prosesa iko hai. Lakini sauti haikuhakikishii X na Y. Washa bodi bila monita, pima X kisha Y kwa mita ya umeme wa moja kwa moja: zichezecheze karibu na sifuri. Ikikaa volti kadhaa bila kutikisika, ndiyo iliyoua monita, na itaua nyingine. Ukimfahamu mwalimu wa umeme pale chuo cha ufundi cha VETA mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kijiskrini, mwombe nusu saa. X kwenye chaneli moja, Y kwenye nyingine, osiloskopu ikiwa kwenye hali ya XY, na mawe ya Asteroids yanatokea kwenye kijiskrini chake, yamechafuliwa na mistari ya mwale kurudi lakini yanasogea. Wanafunzi watakuzunguka, na bodi itakuwa imethibitika.

Mwisho rudisha volti kali. Mwangaza uteremshe chini kabla, zima taa za chumba, mkono ubaki kwenye swichi. Ikitokea nukta, zima hapohapo. Ikitokea mstari mmoja, zima vilevile, chaneli moja bado imelala. Skrini ikibaki nyeusi usipandishe mwangaza "kuona kama kuna kitu". Volti kali yenyewe usiipime kwa mita ya kawaida, mita ya volti 1,000 haiwezi kuikaribia. Kwenye monita ya vekta ya rangi, kama Wells-Gardner 6100 ya Tempest, gemu nyingine ya Atari, inafika volti 19,500, na ya kwako ingawa ni ndogo kuliko hiyo bado ni maelfu mengi. Kuna kifaa chake maalumu. Kama huna, usipime wala usirekebishe kitu huko.

Skrini bapa? Inawezekana kwa kubadilisha bodi nzima na kuendesha programu ya kuiga, lakini X na Y za bodi yako huwezi kuzichomeka kwenye skrini ya kompyuta moja kwa moja. Na risasi za Asteroids kwenye kioo cha vekta ni nukta zinazowaka kuliko kitu kingine chochote mule ndani; skrini bapa inazichora kama punje za chumvi. Mimi ningeitengeneza.

Ukikwama, usinitumie monita. Usafiri wa basi hadi huku Lindi kwa kioo ni kukitafutia matuta. Fungua bodi ya amplifaya, piga picha kila plagi kabla ya kuichomoa, uizungushie gazeti kavu na kuiweka kwenye boksi gumu. Tranzista zifungie humohumo pamoja na vile vipande vya mika, hata vilivyopasuka. Vilivyopasuka ndivyo nitakavyotaka kuviona kwanza.